Jinsi ya Kuidanganya Shaba Bila Kuumbuka

Fundi, sogea karibu tuongee kwa sauti ya chini. Umepewa kazi Ifakara. Jengo ni la zamani, kebo iliyomo ukutani ilivutwa na fundi ambaye siku hizi yuko Mlimba na simu hapokei, na bosi anataka "giga kumi" kwa sababu amelisikia neno hilo kwenye mkutano Morogoro. Fedha ya kubomoa ukuta haipo. Tulia. Kuna namna ya kukwepa, na zile njia kubwa za mkato nitakazokupa zimeshapita mbele ya kamati, zikapigiwa kura na kuchapwa kama viwango vya dunia nzima. Wakubwa wa kazi hii wanapita uchochoroni tangu siku ya kwanza. Wewe jua tu uchochoro upi unapitika na upi una shimo.

Na usikubali mtu akuambie Ifakara haina haja ya kasi. Mji huu una maabara tangu 1957, alipoianzisha Mswisi Rudolf Geigy, na maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu 1996 bonde hili lina mpango wa kuandikisha kaya na kuzifuatilia: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Wanaohesabu mbu na kusoma damu huzalisha data usiku na mchana. Tena kasi ya ndani ya jengo haisubiri intaneti. Picha ya eksirei ya megabaiti 20 ikitoka chumba cha picha kwenda kwa daktari aliye jengo hilohilo, kwa kasi ya megabiti 10 inachukua sekunde 16. Kwa gigabiti moja hujamaliza kupepesa jicho. Mgonjwa yuko kwenye benchi anasubiri. Sekunde hizo ni zake.

Hatua ya 1: Usiguse ukuta

Somo la kwanza la wakubwa ni uvivu wenye akili. Ethernet ilipozaliwa mwaka 1973, Robert Metcalfe na wenzake wa Xerox waliipitisha kwenye kebo moja nene iliyozunguka jengo. Baadaye, ili kuunga kompyuta mpya kwenye kebo ya namna hiyo, ulitoboa ganda lake kwa jino la chuma mpaka ukaifikia shaba ya katikati. Kazi hiyo ilichosha watu. Wakatazama ukutani, wakaona nyaya za simu zimejaa ofisi nzima, zimesokotwa mbilimbili kwa ufundi ambao Alexander Graham Bell alipewa hataza yake mwaka 1881. Mwaka 1990 kikatoka kiwango cha 10BASE-T: megabiti 10 kwa sekunde juu ya jozi mbili za nyaya za aina hiyohiyo. Wakaikuta njia, wakaifuata. Tangu hapo kila kizazi cha viwango vya shaba kinaanza na swali moja: ukutani kuna nini?

Nawe anza nalo. Kabla hujaandika bei, panda darini na tochi, usome maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la kebo, yanayotaja daraja lake. Ukikuta Cat 5e, umeshapona. Ukikuta Cat 6, shuka ukanywe chai kwanza.

Kisha chukua kipande kilichobaki, chubua ganda urefu wa kiganja, ukitazame juani. Utaona jozi nne, kila moja imesokotwa kama kamba ya usumba. Waya mmoja unabeba ishara, mwenzake unabeba kinyume chake. Kelele ya nje, ya taa au ya mashine ya kukoboa mpunga ya jirani, inawapiga wote wawili sawasawa kwa sababu wanapokezana kukaa upande wa kelele. Mashine inayopokea inatoa huyu kwa yule, na kelele inajifuta yenyewe. Sasa hesabu mizunguko ya jozi mbili tofauti. Hazilingani, na zimefanywa hivyo makusudi, zisije zikaenda sambamba jozi jirani zikasikilizana maneno. Ufundi wote wa shaba umo humo kwenye kiganja chako. Ukiufungua msokoto umeutupa ufundi wenyewe, na tutarudi kwenye jambo hilo maana ndiko mafundi wengi wanakoanguka.

Hatua ya 2: Gawa mzigo

Gunia nne za mpunga huzipandishi kwenye bodaboda moja ukamwambia dereva akimbie. Unaita bodaboda nne. Mwaka 1999 ndivyo walivyofanya waliotunga 1000BASE-T. Kebo za wakati ule zilipimwa mwisho megahezi 100, na kuzidisha mwendo wa ishara mara kumi kungekuwa kuomba yasiyowezekana. Kwa hiyo mwendo hawakuugusa: ishara milioni 125 kwa sekunde, idadi ileile iliyokuwa ikitumika kwenye kasi ya megabiti 100. Wakafanya mambo matatu pembeni. Wakatumia jozi zote nne badala ya mbili. Wakaipa ishara ngazi tano za volteji ili kila moja ibebe biti mbili. Na wakaziruhusu pande zote mbili ziongee kwa wakati mmoja kwenye jozi ileile, kila upande ukiondoa sauti yake mwenyewe kwenye kile unachokisikia.

Piga hesabu: 125 mara mbili ni 250, mara nne ni 1000. Mita 100, kebo ileile. Hesabu hii huwafundisha vijana wangu kabla sijawapa koleo, maana kijana akiielewa hathubutu tena kuuacha hata waya mmoja kati ya nane ukining'inia.

Hatua ya 3: Shindwa kwa hiari

Hapa ndipo penye siri tamu kuliko zote, kwa hiyo tusiharakishe.

Mwaka 2006 kilitoka kiwango cha 10GBASE-T. Kilikuwa kazi ya heshima: ishara milioni 800 kwa sekunde, ngazi 16 za volteji, hesabu nzito za kusahihisha makosa. Lakini kilitaka Cat 6A ili kifike mita 100. Kwenye Cat 6 ya kawaida kinaishia mita 55. Chipu zake za mwanzo zilikula umeme na kuchemka. Wenye majengo wakaangalia kuta zao zilizojaa Cat 5e, wakaangalia bei, wakafunga daftari. Miaka ikapita. Huku nyuma Wi-Fi ikazidi kukua mpaka vile visanduku vya darini vikawa na uwezo, kwenye karatasi, kuizidi gigabiti moja ya kebo inayovilisha. Mto umejaa, daraja ni la njia moja.

Wahandisi wakafanyaje? Walichukua ufundi wa giga kumi wakaupunguza mwendo. Ukienda robo ya mwendo, ishara milioni 200, unapata gigabiti 2.5. Ukienda nusu, milioni 400, unapata 5. Kwa mwendo huo shaba ya zamani inatulia, na Cat 5e inabeba gigabiti 2.5 mita zote 100. Septemba 2016 jambo hilo lilipitishwa rasmi kwa jina la 802.3bz. Wahandisi waliokwisha kufika kumi walirudi mpaka mbili na nusu, na watu wakawashukuru kwa sababu kuta zao zilibaki zimesimama.

Fanya vivyo hivyo. Bosi akitaka giga kumi na ukuta una Cat 5e, mpe 2.5 bila kuona haya. Mwaka huohuo wa 2016 walipitisha pia gigabiti 25 na 40 juu ya shaba, Cat 8, mita 30 tu. Hiyo waachie wenye vyumba vya seva vyenye baridi kama Makete.

Hatua ya 4: Mpe mpinzani kiti

Usidhani 802.3bz ilipita kimyakimya. Mwaka 2014 palizuka vyama viwili, NBASE-T na MGBASE-T, kila kimoja kina kampuni zake za chipu na za swichi, kila kimoja kinataka mwendo huo wa kati uwe wa kwake. Sasa sikia utaratibu wa IEEE 802, kamati iliyoanza mwaka 1980: uamuzi wa kiufundi unahitaji asilimia 75 ya kura, na mtu anapiga kura kwa jina lake, si kwa jina la kampuni. Maana yake robo ya ukumbi ikinuna, kazi inasimama. Hushindi kwa kumshinda mwenzako. Unashinda kwa kuchukua kipande cha kazi yake ukakiweka ndani ya yako, akae, anyooshe mkono.

Ikishindikana kabisa, mtengee chumba chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu walipogombania megabiti 100, Hewlett-Packard na AT&T walikuwa na njia yao ya kugawa zamu kwenye kebo. Wengine hawakuitaka ndani ya Ethernet. Wenye njia hiyo wakapewa kikundi chao, 802.12, na viwango vyote viwili vikachapwa mwaka 1995. Sokoni kikaishi kimoja, lakini hakuna aliyetoka kwenye kikao amevuliwa nguo. Sisi wasema Kiswahili tunalijua jambo hili kwa undani. Mwaka 1928 Mombasa walikaa kuchagua lahaja ya kusanifisha, Kiunguja kikachaguliwa, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi 1930. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe, hakikupewa chumba, na manung'uniko yake unayasikia mpaka leo.

Kwako wewe ugomvi utakuja kwa sura ndogo: kwenye kupanga rangi za nyaya ndani ya kichwa cha kebo, kuna fundi wa T568A na kuna fundi wa T568B, na wote wawili wana hakika. Tofauti yao ni jozi ya kijani na ya chungwa kubadilishana nafasi, basi. Tazama iliyomo tayari ukutani, ifuate, msifu mwenye ile nyingine kwa kazi yake safi, halafu uiandike kwa maka nyeusi ndani ya mlango wa kabati la swichi ili mjadala usirudi.

Hatua ya 5: Piga hodi

Ukitaka kuona viwango viwili visivyojua kupigiana hodi, nenda Kidatu. Reli ya tawi la Kilosa ina upana wa milimita 1000. Reli ya TAZARA, ileile inayopita Ifakara, ina 1067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja, na kwa sababu hiyo behewa la huku haliendi kule. Mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Hakuna behewa linaloweza kumwambia mwenzake: ndugu yangu, mimi naweza hii na hii, wewe unaweza ipi?

Kebo yako inaweza. Chomeka ncha mbili, na kabla ya data yoyote kupita, mashine hizo zinarushiana mapigo madogo, mara sitini hivi kila sekunde. Ndani ya mapigo hayo kila moja inataja kasi inazoziweza, kisha zote zinachagua kubwa kuliko zote zinayoiafiki. Hodi, karibu. Ndiyo maana kompyuta ya zamani ya karani wa stoo na swichi mpya ya mwaka huu zinaelewana siku ya kwanza bila mtu kugusa chochote. Utaratibu huu uliingia kwenye kiwango mwaka 1995, na kwangu mimi ndio utu wa Ethernet: mwenye mbio anashuka mpaka alipo mwenzake, na kazi inakwenda.

Usiuzime. Fundi mwenye kiburi huingia kwenye mipangilio akaandika kwa mkono "100, pande zote mbili" upande mmoja tu. Upande wa pili unapiga hodi, haujibiwi, unaotea kasi kwa kusikiliza, lakini haujui kama mwenzake anaweza kusema na kusikia kwa pamoja, kwa hiyo unachagua kusema kwa zamu. Hapo pakiti zinagongana, na mtandao unakuwa mzito siku nzima bila kukatika, ugonjwa mgumu kuliko kukatika.

Na shika hii, itakuokolea hela. Hodi hupigwa kwenye jozi ya chungwa na ya kijani peke yake. Jozi ya bluu au ya kahawia ikiwa imekatika, mashine zitakubaliana gigabiti moja kwa furaha, kisha zishindwe kuifikia. Chipu nyingi zina adabu ya kushuka zenyewe mpaka 100. Basi ukiona taa ya 100 mahali palipotakiwa kuwa na 1000, usimwambie mteja anunue swichi. Shika koleo, kata kichwa, angalia bluu na kahawia.

Hatua ya 6: Usiwe nadhifu kupita kiasi

Hii niliilipia mwenyewe. Miaka ya nyuma nilivuta kebo kwenye kituo kimoja bondeni, vichwa vimepangwa vizuri mno: chungwa na chungwa-nyeupe, kisha jozi ya kijani ikae pamoja, kisha bluu, kisha kahawia, rangi mbilimbili kama sare za shule. Testa ndogo ikawaka moja mpaka nane bila kuruka. Nikapokea hela. Wiki ya pili wakanipigia: vyumba vya karibu vinakwenda, cha mwisho, mita themanini na kitu, kinakufa kila data ikizidi. Nilirudi nikakaa siku mbili.

Kosa lilikuwa unadhifu wenyewe. Tundu la 3 na la 6 ni jozi moja, na katikati yao, la 4 na la 5, inakaa bluu, kwa sababu matundu hayo ya katikati yalishakuwa ya simu. Ukipanga mbilimbili kwa mfuatano, ishara ya jozi moja inapita kwenye nyaya mbili, kila mmoja umesokotwa na mwenzake mwingine. Testa ya taa inapima kama waya umefika. Kama umefika na mwenzake aliyesokotwa naye, haijui. Kwa mita tano utapona, kwa mita themanini kelele inakula kila kitu.

Kwa hiyo shika kwa mpangilio wa B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani kinawakumbatia bluu wawili. Imba mpaka vidole vikariri. Na usifungue msokoto zaidi ya milimita 13, upana wa ukucha wa dole gumba. Msokoto uingie karibu kabisa na shaba ya kichwa, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe, ili mtu akivuta kebo avute ganda na si waya.

Hatua ya 7: Jua pa kutochakachua

Kila njia ya mkato niliyokupa ilipitia kwenye hesabu, kwenye chipu au kwenye kikao. Kwenye shaba yenyewe hakuna njia ya mkato, na muuzaji atakushawishi hapohapo. Atakuletea boksi la mita 305 kwa bei ya kushangaza, limeandikwa Cat 6. Linyanyue. Alumini ina uzito usiofika theluthi ya shaba, kwa hiyo boksi lililochakachuliwa, waya wa alumini uliopakwa shaba juu, mkono unalijua kabla ya macho. Ukiwa na shaka bado, kwangua ncha kwa wembe: ikitoka nyeupe ndani, rudisha. Waya wa alumini una ukinzani mkubwa zaidi, hukatika ukikunjwa mara chache, na ukiutumia kupeleka umeme kwenye kamera na visanduku vya Wi-Fi unapata moto. Umeme huo juu ya kebo ulianza na wati 15.4 mwaka 2003, ukafika 90 mwaka 2018. Ni baraka kwa mji ambao umeme unakatika, maana betri moja kwenye kabati inawasha dari nzima. Lakini ni baraka ya shaba halisi.

Mengine kwa haraka. Ukutani usizidi mita 90, mita 10 zilizobaki ni za vipande vya mezani. Ukizidiwa, weka swichi katikati: hesabu ya mita inaanza upya, na hilo kamati inaliruhusu. Kati ya jengo na jengo usipitishe shaba kabisa. Radi za masika katika bonde hili hazihitaji mwaliko, tumia faiba. Na kebo usiikunje kona kali kama unafunga kuku. Mpinde wake uwe mara nne ya unene wake.

Hatua ya 8: Mpe bosi namba

Bosi anataka namba ya kusema kwenye kikao, na hakuna ubaya. Mpe ya kweli iliyo kubwa. Usimwambie "tumeshindwa kumi." Mwambie: "Mzee, tumetoka mia moja, tumefika elfu mbili na mia tano, na ukuta hatukuugusa." Mara ishirini na tano, na hela ya rangi imebaki. Mwambie pia ni kiwango rasmi cha kimataifa, maana ndivyo kilivyo. Atairudia namba hiyo mpaka Dodoma, na mwaka ujao atakuita tena.

Kabla hujashuka darini, acha kila kebo na mzunguko wa mita mbili wa ziada juu ya kabati, uifunge kwa kamba ya kitambaa isiyoikaba. Andika kwenye ganda, kwa maka isiyofutika, chumba inakokwenda, urefu, na mwaka. Fundi atakayekuja baada yako na kasi nyingine atapanda na tochi, atasoma, na hatalazimika kumpigia mtu wa Mlimba.